Goma: «Ni uzee tu» si jibu kwa mama ambaye kisigino kinamuuma

Kuna jibu moja ambalo wazee wa Goma, wa Nyiragongo na wa Masisi wamelizoea. Koko anafika kwenye kituo cha afya akichechemea. Anaonyesha nyuma ya kisigino, au bega ambalo haliinuki tena. Anaulizwa umri. Akisema miaka 65, kazi imekwisha: «Mama, ni uzee tu.» Anapewa vidonge vya maumivu kwa siku tatu, na kesho yake asubuhi anashika bidoni yake na kurudi kwenye bomba.

Jibu hilo lina ukweli kidogo ndani yake, na ndiyo sababu linapita bila kubishaniwa. Uzee unabadilisha mwili, hakuna anayekataa. Lakini uzee haubebi maji. Uzee haupangi watu mstarini tangu saa kumi na moja ya asubuhi hadi saa nane ya mchana kwa kungoja unga. Uzee hauuzi antibiotiki barabarani bila karatasi ya munganga. Hayo ni mambo ya watu, na watu wanaweza kuulizwa. Kila mara mtu anaposema «ni uzee», wote hao wanatoka bila kuulizwa neno.

Inafaa basi kuangalia kile kinachouma ni kitu gani, kinafanya kazi namna gani, na nini hasa kinakiharibu.

Kamba iliyo ndani ya mguu

Watu wengi wa Kivu wanaita kila kitu «mishipa». Mshipa wa damu ni mshipa, neva ni mshipa, na ile kamba ngumu ya nyuma ya kisigino pia ni mshipa. Ni vitu vitatu tofauti. Mshipa wa damu unapitisha damu. Neva inapeleka habari kati ya ubongo na mwili. Kano ni kamba inayofunga msuli kwenye mfupa. Msuli ndio unaovuta, mfupa ndio unaosogea, lakini bila kano katikati nguvu ya msuli haifiki popote.

Kila mtu aliyewahi kununua mguu wa ng'ombe sokoni anaijua kano. Ni ile sehemu nyeupe, yenye kung'aa, ambayo kisu kinateleza juu yake na ambayo inahitaji kuchemshwa saa nyingi mpaka ilainike na mchuzi unate midomoni. Kinachonata ni kolajeni, protini ambayo kano imefumwa nayo. Theluthi mbili hivi za uzito wa kano ni maji; katika kinachobaki, sehemu kubwa ni kolajeni hiyo.

Imefumwa kama kamba ya kufungia ng'ombe. Ukiifungua kamba hiyo, unakuta ndani yake kamba ndogo. Ukifungua kamba ndogo, unakuta nyuzi, na ndani ya nyuzi kuna nyuzi nyembamba zaidi ambazo macho hayawezi kuziona. Kila fungu limezungukwa na utando laini wenye majimaji, ili mafungu yaweze kuteleza moja kando ya lingine bila kukwaruzana. Nyuzi zenyewe, mguu ukiwa umepumzika, zina mawimbi madogo kama uzi uliofumuliwa kutoka kwenye sweta. Mtu anapoanza kukanyaga, mawimbi yananyooka kwanza, halafu ndipo uzito wenyewe unashikwa. Kwa hiyo kano haishtuliwi ghafla. Inaanza kwa upole.

Tena kano hazifanyi kazi moja. Zile za vidole vya mkono na ya mbele ya mguu kazi yao ni kuelekeza: kidole kikae hapa, mguu uinuke pale. Hizo hazinyooki sana. Ile ya kisigino ni kama springi ya gari. Mtu anapokanyaga inanyooka na kuweka nguvu akiba, anapoinua mguu inairudisha ile nguvu, na hivyo msuli unafanya kazi kidogo. Ndiyo kano kubwa na yenye nguvu kuliko zote mwilini. Waliopima wanasema kwamba katika mbio inaweza kuvutwa kwa nguvu inayofikia mara 12 ya uzito wa mtu mwenyewe. Shika nyuma ya kisigino chako kati ya kidole gumba na kidole cha pili: kamba hiyo, nyembamba kuliko mpini wa jembe, ndiyo inayobeba kila safari.

Ina udhaifu mmoja mkubwa. Damu inayoifikia ni kidogo, hasa mahali palipo sentimita 2 hadi 6 juu ya mfupa wa kisigino. Kidonda cha nyama kinapona kwa siku au majuma. Kano iliyojeruhiwa inadai miezi. Na ni mahali hapo hapo ambapo watu wengi wanaumwa, na ambapo kano inakatika.

Kamba ya ujanani ndiyo ya uzeeni

Mwaka 2013 watafiti wa Denmark walitoa habari ambayo inafaa ijulikane katika kila kijiji ambako wasichana wanabebeshwa mizigo. Kati ya mwaka 1955 na 1963, mataifa makubwa yalilipua mabomu mengi ya nyuklia hewani kwa majaribio. Majaribio hayo yaliongeza katika hewa aina moja ya kaboni, kaboni 14. Mimea iliinywa, wanyama walikula mimea, watu walikula vyote viwili. Kwa kupima kaboni hiyo ndani ya mwili, mtaalamu anaweza kujua sehemu fulani ilijengwa mwaka gani, kama vile mtu anavyosoma tarehe kwenye mfuko wa simenti.

Watafiti walipima kano za kisigino za watu wazima. Walikuta kwamba kiini cha kano kilijengwa mtu akiwa bado anakua, hadi karibu miaka 17, na baada ya hapo karibu hakifanywi upya tena. Ngozi inabadilika, damu inabadilika, hata mfupa unajijenga upya polepole. Kiini cha kano ya kisigino kinabaki kile kile.

Wasikilizaji wafanye hesabu. Mama aliyezaliwa mwaka 1955 alikuwa na miaka 70 mwaka 2025. Kamba iliyo nyuma ya kisigino chake ilimalizika kufumwa karibu mwaka 1972, wakati nchi ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kuitwa Zaïre. Kamba hiyo hiyo ndiyo iliyopanda mashamba ya Masisi na Rutshuru. Ndiyo iliyokimbia vita vya 1996 na vya 1998. Ndiyo iliyokimbia moto wa Nyiragongo mwaka 2002 na tena mwaka 2021. Na ndiyo iliyotembea hadi kwenye makambi ya pembeni ya Goma, halafu mwanzo wa mwaka 2025, makambi yalipoondolewa, ikabeba turubai na masufuria mara nyingine. Anayemwambia mama huyo «ni uzee tu» anaitazama miaka yake na kuisahau mizigo yake.

Ni kweli kwamba miaka nayo inafanya kazi yake. Chembe hai zinazoitunza kano zinapunguza bidii. Ule utando laini kati ya mafungu unakuwa mgumu, na mafungu hayatelezi vizuri kama zamani. Sukari ya damu inajinata polepole kwenye kolajeni na kuunganisha nyuzi mahali ambapo hazikupaswa kuunganishwa. Kwa mwenye ugonjwa wa sukari jambo hilo linakwenda haraka zaidi. Misuli inapungua, na springi ya kisigino hairudishi nguvu kama ya kijana. Kwa hiyo kosa ambalo kijana wa miaka 20 analisahau kwa siku mbili, kwa mzee linaweza kuacha kilema.

Lakini sayansi hiyo hiyo inakataa kusema kwamba kano ya mzee ni kitu kilichokufa. Huko Uingereza, mwaka 2003, watafiti walichukua wazee wa miaka kama 74 na kuwafanyisha mazoezi ya nguvu ya miguu kwa majuma 14. Mwisho wake kano yao ya goti ilikuwa imeongeza uwezo wa kukataa kunyooshwa kwa asilimia 65. Ni wazee, si vijana wa mpira. Na watu waliolazwa kitandani siku 90 kwa utafiti, bila mazoezi yoyote, walipoteza zaidi ya nusu ya ugumu wa kano yao ya nyuma ya mguu. Kwa hiyo wanaosema «koko akae tu, asiguse kitu» nao wanakosea, hata kama wanasema kwa upendo. Kano inataka kazi, lakini kazi yenye kipimo na yenye mapumziko.

Mazoezi ni kitu kimoja, utumwa ni kingine

Hapa kuna wajanja ambao watasema: kama kazi inaimarisha kano, basi mama zetu wa Kivu wako na kano za chuma, maana wanabeba kila siku. Maneno hayo yanasikika sana kwa wenye mizigo, hasa wale wanaotafuta mtu wa kubeba gunia kwa franga kidogo.

Jibu liko ndani ya kano yenyewe. Baada ya kazi nzito, mwili unaanza kwa kubomoa kolajeni iliyochoka, na wakati huo huo unaanza kujenga mpya. Lakini kubomoa kunatangulia. Kwa muda wa saa 24 hadi 36 za kwanza kano inapoteza kuliko inavyopata. Baada ya hapo tu ndipo ujenzi unashinda, na kano inatoka na faida. Wale wazee wa Uingereza walikuwa na siku za kupumzika kati ya mazoezi. Mama wa Goma anayebeba leo asubuhi, leo jioni, kesho na kesho kutwa, hafikii kamwe saa za faida. Anaishi siku zote katika saa za hasara.

Na hasara hiyo inaweza kupimwa. Bidoni ya lita 20 ni kilo 20. Kitabu cha Sphere, ambacho mashirika ya misaada yenyewe yanasema yanakifuata, kinataka kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku, bomba lisiwe mbali zaidi ya mita 500, na mtu asingoje zaidi ya dakika 30. Familia ya watu sita inahitaji basi lita 90, yaani bidoni nne na nusu, kilo 90 za maji kila siku, hata kama bomba liko karibu. Bomba likiwa mbali, juu ya mawe ya volkano, na mtu amevaa sandali za plastiki zilizokwisha kukatika, kila hatua ya kupanda inanyoosha kano ya kisigino hadi mwisho wake, na kila jiwe linaipindisha upande.

Kuna pia gunia. Mwaka 1967 Shirika la Kazi la Kimataifa lilitoa pendekezo kwamba mzigo wa mwanamume mzima usizidi kilo 55, na kwamba mzigo wa mwanamke na wa kijana uwe mdogo kabisa kuliko huo. Mfuko mmoja wa simenti ni kilo 50. Inatosha kusimama asubuhi kwenye masoko ya Goma au kando ya ziwa huko Bukavu kuona akina mama walioinama, kamba imepita kwenye paji la uso, makala au unga au mihogo mgongoni, mizigo ambayo wanaume wawili wangeiinua kwa kusaidiana. Hakuna anayepima. Anayelipa anaangalia kama mzigo umefika, haangalii umefika juu ya mguu wa nani.

Mji wa Goma ulisimamisha sanamu ya chukudu, yenye rangi ya dhahabu, kwenye duara kubwa ambalo kila mgeni anapiga picha. Ni vizuri, chukudu imelisha familia nyingi. Lakini chukudu ikivunjika gurudumu, mwenyewe anasimama, anatengeneza, ndipo anaendelea. Mama akivunjika kisigino anaambiwa ni uzee. Ubao unahurumiwa kuliko mtu.

Zaidi ya hapo, kano inachukia kitu kimoja kuliko uzito: mabadiliko ya ghafla. Mkulima wa Masisi alizoea mwendo wake, mlima wake na jembe lake kwa miaka 40. Siku risasi zinapolia, anatembea kilometa 25 kutoka Sake hadi Goma kwa siku moja, mtoto mgongoni na godoro kichwani, halafu anakaa majuma chini ya turubai bila kazi, halafu anaanza kubeba maji na mizigo ya watu kwa ajili ya chakula. Kulala, kukimbia, kulala, kubeba: hakuna namna mbaya zaidi ya kuitumia kano ya mtu wa miaka 60. Anayetafuta sababu ya visigino vinavyouma katika familia za wahami asianze na tarehe ya kuzaliwa. Aanze na safari hiyo.

Kinachouzwa kwenye farmasia

Sasa inafaa kusema juu ya dawa, hata kama kuna watakaokasirika.

Sipro, yaani siprofloxasini, ni antibiotiki yenye nguvu. Iko pamoja na ndugu zake kama levofloxasini na ofloxasini. Inaponya magonjwa makubwa, na munganga anayejua kazi yake anaijua saa yake. Lakini dawa hizo zina tabia moja: kwa baadhi ya watu zinaidhoofisha kano, mara nyingi ile ya kisigino, na zinaweza kuifanya ikatike. Si wote, wengi wanaozinywa hawapati shida hiyo. Ila hatari inapanda kwa mwenye zaidi ya miaka 60, na inapanda zaidi kwa anayetumia wakati huo huo dawa za jamii ya kortikoidi, kama deksametazoni na prednizoloni. Maumivu yanaweza kuanza ndani ya siku mbili, au miezi kadhaa baada ya dawa kwisha. Mwaka 2008 ofisi ya Marekani inayosimamia dawa iliamuru onyo kali liandikwe kwenye karatasi ya dawa hizo. Mwaka 2018 shirika la Ulaya la dawa lilitaka matumizi yake yapunguzwe, likawataja wazee kwa jina.

Huku kwetu Kivu, nani anamsomea koko karatasi hiyo? Mara nyingi karatasi yenyewe haipo, maana vidonge vinauzwa kimoja kimoja kutoka kwenye sahani, vimefungwa ndani ya kipande cha karatasi ya daftari. Tumbo likiuma, sipro. Homa isiyojulikana, «ni tifoidi», sipro. Mkojo ukiwaka, sipro. Na deksa nayo iko pale pale kando: wengine wanaichukua kwa maumivu ya viungo, wengine kwa kutaka kunenepa. Mzee mmoja anaweza kutoka kwenye kibanda na zote mbili mkononi, mchanganyiko ule ule ambao onyo linaukataza kwa watu wa umri wake, na muuzaji hakumuuliza hata swali moja. Siku kano inapokatika, hakuna anayekumbuka vidonge. Watasema: alikuwa mzee.

Vivyo hivyo kwa sindano za kortikoidi zinazochomwa mahali panapouma. Zinatuliza haraka, ndiyo maana watu wanazipenda. Lakini utafiti uliofanywa kwa watu wenye kano zinazouma kwenye kiwiko ulionyesha kwamba waliochomwa walijisikia vizuri majuma ya kwanza, halafu baada ya miezi walikuwa na hali mbaya kuliko wale ambao hawakuchomwa. Na kuichoma ndani ya kano ya kisigino ni kucheza na hatari ya kuikata. Anayemchoma mama sindano hiyo ili kesho arudi kubeba hakumtibu. Amezima kengele na kuuacha moto.

Neno moja la lazima: mgonjwa ambaye munganga alimwandikia dawa hizi kwa ugonjwa mkubwa, kwa mfano kifua kikuu sugu, asiziache mwenyewe. Akisikia maumivu ya kisigino au ya bega, arudi siku hiyo hiyo kwa aliyemwandikia na kumwambia. Lawama iko kwa wanaouza bila kuuliza, na kwa viongozi wa afya wanaopita mbele ya vibanda hivyo kila siku.

«Vita vinaua, nani ana muda wa visigino?»

Swali hilo litaulizwa, na lina haki ya kujibiwa. Kuna njaa, kuna kolera, kuna risasi. Kwa nini kusumbua watu na kano?

Kwa sababu katika maisha ya uhami, miguu ndiyo mali ya mwisho. Shamba limebaki nyuma, nyumba imebaki nyuma, mbuzi wameliwa na wengine. Aliyebaki na miguu anaweza kukimbia, anaweza kufika kwenye mstari wa chakula, anaweza kurudi kuangalia kama shamba bado lipo. Aliyepoteza kisigino anategemea kubebwa, na siku ya kukimbia wanaobebwa ndio wanaoachwa. Mtu asiseme basi kwamba ni jambo dogo. Kwa familia nyingi za Kivu, koko ndiye anayelea wajukuu ambao wazazi wao wamekufa au wametawanyika. Mguu wake ukilala, nyumba nzima inalala.

Yanayowezekana, na wanaopaswa kuyafanya

Wanaosimamia mabomba na ugawaji wa chakula wanaweza, tangu kesho, kuwapa wazee mstari wao na kiti cha kukalia. Hakudai pesa wala mradi mpya. Wanaweza kuwapa wazee bidoni za lita 10 badala ya 20, na kuweka vijana wa kusaidia kubeba. Mashirika yanayoandika Sphere katika ripoti zao wapime umbali kwa miguu ya mama wa miaka 65, si kwa jeep.

Wauguzi waache kufunga kitabu mara umri unapotajwa. Maswali matatu yanatosha kuanza: unabeba nini kila siku, umekunywa dawa gani mwezi huu, una sukari? Na wamwonyeshe mgonjwa zoezi. Kwa kisigino kinachouma bila kukatika, zoezi linalojulikana tangu kazi ya madaktari wa Sweden mwaka 1998 halihitaji mashine: kusimama ukishika ukuta, kuinuka juu ya vidole kwa miguu yote miwili, halafu kushusha kisigino polepole sana. Mzee aanze na mara chache, aongeze kidogo kidogo kwa majuma 12, na apumzike siku moja katikati. Maumivu madogo yanavumiliwa. Yakizidi kesho yake, apunguze.

Familia nazo zisikilize. Kumpumzisha koko si kumlaza. Apunguziwe mzigo, asinyang'anywe mwendo. Msichana wa miaka 12 naye asigeuzwe kuwa chukudu ya nyumba, maana kamba anayoifuma sasa ndiyo atakayozeeka nayo. Na sahani iangaliwe pia: mwili hauwezi kufuma kolajeni bila protini na bila vitamini C. Maharagi, samaki wadogo, mapera, machungwa na lengalenga isiyochemshwa kupita kiasi ni dawa ya kano pia.

Mwisho, alama ambayo kila mtu inafaa aijue. Mtu akisikia ghafla kama amepigwa jiwe au teke nyuma ya mguu, akageuka na kukuta hakuna mtu, huenda kano imekatika. Alazwe kifudifudi, nyayo zitokeze nje ya kitanda, halafu mtu abane ile nyama nene iliyo chini ya goti nyuma. Kwenye mguu mzima, unyayo unasogea wenyewe. Usiposogea, asichuliwe, asichanjwe, asingoje Jumatatu: apelekwe hospitali siku hiyo. Goma haikosi watu wanaojua kazi hiyo. Hospitali ya HEAL Africa ilianzishwa na daktari wa upasuaji wa mifupa, Kasereka Lusi. Kano iliyokatika ikishikwa mapema, kwa plasta au kwa upasuaji, inaweza kuungana. Ikiachwa miezi, mtu anabaki akiburuta mguu.

Na huko hospitali, akitokea wa kusema tena «ni uzee tu», wanaomsindikiza mzee wasitoke. Wabaki wamesimama, wataje mizigo aliyobeba, waonyeshe vidonge alivyouziwa, na waombe mguu upimwe kama wa mtu mwingine yeyote.